Finjani Juu ya Meza ya Vigae

Chombo cha kwanza kilimjia Bi Kheiria kikiwa na vipisi viwili vya sigara ndani na ufa mdomoni. Majid, mtoto wa kaka yake, karani wa kampuni ya mafuta, alikikuta nje ya jiko la Mholanzi mmoja kinangojea kutupwa, akaona bora ampelekee shangazi yake akijaze mawe kiwe cha kuzuilia mlango. Kilikuwa jagi la maua, jeupe, lina mistari myeusi iliyochorwa kwa mkono, na shingo imekwenda upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Bi Kheiria alilipindua, akaitazama alama iliyopigwa chini ya kitako, akaliosha kwa majivu na ndimu, kisha akaliweka katika kidaka cha katikati ukutani, pale ambapo kila nyumba ya heshima ya Maskati huweka bakuli lake la Kichina.

"Shangazi, hilo si la mlango?" Majid aliuliza.

"La mlango weye na akili zako. Kuna jengine?"

Majid alidhani ni masihara. Hayakuwa masihara hata kidogo. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na saba, na Waholanzi wa mafuta walikuwa wakija na kuondoka. Kila mkataba ukimalizika, mke wa bwana hupanga vitu barazani na kuwaambia watu wachukue. Wengine walikimbilia vitanda, wengine masufuria, na Majid, amekwiva masikio kwa haya, alikuwa akiondoka na majagi yaliyopinda. Ulipofika mwanzo wa mwaka wa sitini na tisa, Bi Kheiria alikuwa na vyombo kumi na vinne katika vidaka vyake, na kila kimoja kina jina. La kwanza lile aliliita Kibiongo. Kulikuwa na Mkono Kiunoni, na Bi Tumbo, na bakuli moja refu la rangi ya haradali ambalo aliliita Marehemu, kwa sababu lilifanana mno na mumewe Harub akiwa amelala mchana.

Wanawake wa mjini walikuja kutazama, wakatoka wakishikana mikono wasicheke mpaka wafike nje. "Vyungu vya wazimu," walisema. Vinapinda, vina matundu pasipo na haja ya tundu, havina hata ua moja la kueleweka. Bi Kheiria hakujali. Tena alizidi: alishikwa na ugonjwa wa kupindua. Akikaribishwa kwa watu, kabla hajauliza hali za watoto, keshanyanyua sahani kutazama alama chini yake. Matangani kwa watu aliipindua sahani ya biskuti, biskuti zote zikamwagikia Bi Mahbuba mapajani, na Bi Mahbuba alikuwa ndiye mfiwa.

Mtu mmoja tu hakumcheka, na huyo ni Bi Lisbet, mke wa mhandisi, Mholanzi mrefu mwenye pua iliyobabuka jua. Alisikia habari za mwanamke wa Maskati anayeokota vyombo vya kwao, akaja kujionea. Alikaa chini mkekani, akaangalia vile vidaka, akatia mkono mdomoni. Majid akawa mkalimani.

"Anasema hivi vimefinyangwa na vijana baada ya vita vyao vikubwa. Walikuwa wamechoka na sahani za buluu za bibi zao."

"Mwambie bibi zao wamehamia hapa," alisema Bi Kheiria. "Wanakuja kila Alkhamisi kunitia ila."

Mwenye kumtia ila kuliko wote alikuwa Bi Muhsina, wifi yake, dada yake marehemu Harub. Huyu alizaliwa Matrah, mji wa jirani na Maskati, na akaolewa Matrah, na Kiswahili chake alikipata kwa mama yake aliyelelewa Unguja. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri, mwenye sauti ya kuamrisha, na alijiona kwamba yeye peke yake ndiye mlinzi wa adabu za watu wa Omani. Wale waliokuja kutoka Unguja baada ya mambo ya Januari mwaka wa sitini na nne aliwaona kama watoto wasiojua hata kunawa.

Na sababu ilikuwepo, tuseme haki. Bi Kheiria alipofika mwaka ule, yeye na Harub na mkoba mmoja, alipelekwa moja kwa moja kwa wifi yake. Ukumbi umejaa wanawake. Akapewa finjani ya kahawa. Kahawa ya huko haina sukari, ina hiliki kama dawa, na ni moto wa kuunguza. Bi Kheiria alionja ncha ya ulimi, akaitua chini ile finjani mbele yake. Basi ukumbi mzima ukanyamaza! Hata watoto walinyamaza. Bi Muhsina akasogea mbele, uso umekunjamana kwa heshima, akasema, "Kunywa, wifi. Haja yako ishatimizwa. Sema unachotaka."

Masikini Bi Kheiria, ajue nini? Aliona wifi yake ni mwanamke mkarimu ajabu. Akasema, "Sukari kidogo."

Walicheka mpaka wengine wakalala ubavu. Ndipo akaelezwa: mgeni wa huko akiitua kahawa yake bila ya kuinywa, ana ombi zito, na hainywi mpaka mwenyeji amkubalie. Mwenyeji naye hukubali kabla hajaliskia ombi lenyewe, maana kumwachia mgeni kahawa ikapoa ni fedheha ya ukoo. Babu yake Bi Muhsina alimpoteza ngamia kwa finjani moja, na kwa finjani ya pili likaenda shamba zima la mitende la Wattaya. "Shamba la Wattaya!" Bi Muhsina alikuwa akilitaja kwa kujigamba, kama kwamba amelipata na si kwamba limewatoka. "Babu alisema nimekubali, mgeni akasema nataka shamba, na babu hakupepesa jicho. Nyinyi watu wa pwani mtayajua wapi haya? Nyinyi mnataka sukari."

Tangu siku hiyo jina lake Matrah likawa Bi Sukari. Miaka mitano! Na siku ile ile, baada ya vicheko, Bi Kheiria alipojaribu kuanza kusimulia nyumba yao ya Unguja na vilivyobaki humo, Bi Muhsina alimpigapiga goti akamwambia, "Ya huko yamepita, wifi. Hapa Maskati." Basi Bi Kheiria akafumba mdomo. Aliapa kwamba hilo jambo Muhsina hatolisikia kinywani mwake mpaka kiama.

Sasa njooni kwenye meza.

Siku moja Bi Lisbet alimwita kwake, nyumba za kampuni kule ufukweni, ale keki. Bi Kheiria aliingia, Majid nyuma yake, akaona katikati ya ukumbi meza fupi, miguu myembamba ya mti, na juu yake yote imepangwa vigae vya udongo vilivyong'arishwa. Vigae ishirini na nne, kila kimoja kimechorwa kwa mkono: samaki mwenye jicho moja, jua lenye miguu, ndege aliyekasirika, na vyengine rangi tupu, kijani cha maji na buluu iliyokolea. Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Bi Kheiria alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya vile vigae. Vilikuwa baridi. Kisha, wallahi, mbele ya keki na mwenye keki, aliinama akalaza shavu lake juu ya meza ya watu, akafumba macho.

Bi Lisbet alidhani amezimia. Alikimbilia maji, akammwagia.

"Mwambie sijambo," alisema Bi Kheiria kwa Majid, buibui limerowa chapa. "Mwambie hii meza siku atakayoondoka asimpe mtu ila mimi. Mwambie nitampa chochote."

Majid alieleza. Bi Lisbet akaweka mkono kifuani, akaahidi: mkataba wao unakwisha mwezi wa tatu, na meza ni ya Bi Kheiria, tena bure.

Hapo inafaa ujue kilichomo moyoni mwa Bi Kheiria, maana Muhsina hakukijua. Mama yake alikuwa na kochi la mbao, la zamani, ambalo mgongo wake umetiwa vigae vya maua, kama yalivyokuwa makochi ya majumba mengi ya Unguja. Akiwa mtoto, kila akishikwa na homa, mama alikuwa akimkalisha kwenye lile kochi, akamgeuza uso upande wa mgongo, shavu likae juu ya kigae. "Kipe homa yako," mama alikuwa akimwambia. Kigae kimoja kikishapata moto wa shavu, humhamisha kwa chengine. Mama alikufa, kochi likabaki, na Bi Kheiria aliliacha ukumbini Januari ile, mlango haukuwahi hata kufungwa. Toka alipofika Maskati hakupata kulia. Alikuja kulia kwenye gari la Majid akitoka kula keki, na kwa kuwa alikuwa kesharowa, Majid hakutambua.

Basi ikawa hana mazungumzo ila meza. Alipima nafasi yake kwa kamba. Alimwambia Bi Mahbuba, na hilo ndilo kosa lake, maana Bi Mahbuba hana kifua. Siku ya pili Bi Muhsina alikuwa na habari zote, pamoja na mwezi wa kuondoka Mholanzi.

Na Bi Muhsina kwa siku zile alikuwa na lake jambo. Mke wa mkubwa mmoja alikuwa kaja mjini, na badala ya kuomba apelekwe Matrah kuona bakuli za Kichina za Bi Muhsina, zilizorithiwa kwa vizazi vitatu, aliomba apelekwe kwa Bi Sukari akaone vyungu vya wazimu. Tena akavisifu! Bi Muhsina hakulala siku mbili.

Mwezi wa tatu ulipofika, Majid alikwenda na wachukuzi wawili kuifuata meza. Akarudi na wachukuzi wawili na uso wa mtu aliyemeza kokwa.

"Iko wapi?" Bi Kheiria alisimama juu ya ngazi, kamba ya kupimia ingali mkononi.

"Shangazi, imeshachukuliwa jana. Bi Lisbet anasema wifi yako alikwenda na gari la mumewe, akasema mimi wifi yake Kheiria, nimekuja kuchukua meza. Akampa na sanduku la njumu za shaba kuwa shukrani. Bi Lisbet amefurahi mpaka amelia. Anasema hajapata kuona wifi wanaopendana namna hiyo."

Bi Kheiria alikaa kitako juu ya ngazi. Kisha akaanza kutukana, na aliyoyatukana hayaandikiki.

Alikwenda Matrah siku ile ile. Bi Muhsina alimpokea mlangoni kwa mabusu. Meza imewekwa katikati ya ukumbi, juu yake pana dele la kahawa na sahani ya halua.

"Umedanganya, Muhsina!"

"Nimedanganya wapi? Si wifi yako mimi?"

"Umesema umekuja kuchukua meza yangu!"

"Nimesema nimekuja kuchukua meza. Yangu, yako, hilo Mholanzi hakuniuliza." Akamkatia kipande cha halua. "Utakuja kuitazama kila utakapo, wifi. Mlango wazi. Tangu afe Harub hujanikanyagia mlango mara tatu."

Bi Kheiria aliondoka bila ya kula halua, na hilo si jambo dogo. Wiki tatu alikaa akizungumza na Kibiongo. Aliwaza kumwendea mume wa Muhsina, aliwaza kuiiba meza, aliwaza hata kumwandikia Bi Lisbet, ambaye alikwisha panda ndege na sanduku lake. Wiki ya nne, akimimina kahawa asubuhi, mkono ulimsimama hewani. Akaitazama finjani. Halafu akaanza kucheka peke yake, na Majid, aliyekuwa akinywa chai pembeni, akaogopa.

Alkhamisi aliyoichagua ilikuwa ile ambayo Bi Muhsina alikaribisha wanawake ishirini. Bi Kheiria alivaa nguo yake ya kijani, akajitia udi, akakaa mahala pa mgeni wa mbele. Ile meza ilikuwa mbele yake karibu ya kuigusa. Bi Muhsina mwenyewe, kwa mbwembwe, alimmiminia kahawa. Bi Kheiria akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiangalia, akanyoosha mkono taratibu na kuitua juu ya kigae cha ndege aliyekasirika.

"Alaa!" Bi Muhsina alipiga makofi. "Bi Sukari wetu! Mleteeni sukari, jamani, miaka mitano hajazoea!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Mahbuba alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Bi Kheiria hakucheka. Aliweka mikono yake miwili mapajani, akasema kwa sauti ya upole, "Sukari nnayo nyumbani, wifi."

Kicheko kikapungua, kikapungua, kikakatika.

Bi Muhsina aliitazama finjani, akamtazama Kheiria, akaitazama meza chini ya finjani. Alielewa, tena alielewa yote. Kwa adabu yake mwenyewe, aliyoihubiri miaka yote, alitakiwa aseme neno moja tu, na akilisema, meza imekwenda.

Hakulisema. Alisema, "Joto leo."

"Joto," alisema Bi Kheiria.

"Mvua hakuna mwaka huu."

"Hakuna."

Moshi wa kahawa ulipanda, kisha ukawa haupandi tena. Sasa tatizo likawa la wote. Mgeni mmoja ana ombi, hawezi mwengine kunywa akachangamka. Udi wa kuagia hauwezi kuletwa kahawa ingali imekaa, na bila ya udi hapana anayeweza kuondoka. Wanawake ishirini wakawa mateka. Mmoja aliacha mtoto wa kunyonya nyumbani. Mwengine aliacha wali motoni, akaanza kunusanusa hewa kana kwamba ataisikia harufu toka kwao Hamriya. Bi Muhsina alisema habari za samaki, za fundi aliyempasulia birika, za harusi ya mwaka juzi. Bi Kheiria aliitika kwa kila jambo, mtulivu, mpole, mgeni mwema kabisa. Saa nzima ikapita. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa.

Bi Mahbuba ndiye aliyevunjika. "Muhsina," alisema, "babu yako alitoa shamba."

Lilimchoma. Bi Muhsina alijivuta, akakaa wima, na tusimnyime haki yake, sauti haikumtetemeka. "Kunywa, wifi. Haja yako ishatimizwa."

Bi Kheiria aliinyanyua finjani, akainywa ile kahawa baridi, chungu kama shubiri, mpaka tone la mwisho. Akaitikisa finjani kama wafanyavyo watu wa Omani walioshiba kahawa, akaitua.

"Nnataka meza," alisema.

"Chukua," alisema Bi Muhsina. Wala hakupepesa jicho.

Meza ilikwenda Maskati siku ile ile kichwani mwa mchukuzi, na Bi Kheiria nyuma yake akimpigia kelele kwa kila jiwe la njiani.

Raha yake ilidumu siku sita. Siku ya saba Majid alikuja anatweta. "Shangazi! Bi Muhsina yuko njiani. Peke yake. Kavaa nguo ya Idi."

Bi Kheiria aliiona hatari yote mara moja. Adabu ya finjani inakata kuwili! Muhsina atakaa, atapewa kahawa, ataitua, na nani atakayemkatalia? Kibiongo aende, au Marehemu, au, Mungu apishe mbali, meza. "Ficha!" alipiga kelele. "Asichokiona hatokiomba!" Vyombo kumi na vinne viliingia kwenye pipa la unga na chini ya kitanda. Meza haikuingia popote. Basi waliifunika godoro, juu ya godoro mafarishi matatu, juu ya mafarishi mito, mpaka ikafanana na kilima cha matandiko ya kufuliwa. Majid akatoka kwa mlango wa nyuma, kwani hakutaka kuwa shahidi.

Bi Muhsina aliingia akatazama vidaka vitupu. "Umehama, wifi?"

"Nnafagia."

"Unafagia ukuta?" Akatazama kilima cha matandiko. Bi Kheiria alimwonyesha mkeka mzuri, mto mzuri, mahala pa kivuli. Bi Muhsina alimshukuru, akampita, akajigeuza, na akajiachia kitako juu ya kilima, uzito wake wote.

Kitu kililia ndani. Nyi-i-i.

Bi Kheiria alimimina kahawa, macho hayatoki kwenye kilima. Bi Muhsina alikuwa ametulia, anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia, anatafuta pazuri. Nyi-i-i. Miguu ile myembamba! Bi Kheiria alimwona samaki mwenye jicho moja anapasuka, alimwona ndege, aliliona jua lenye miguu.

"Wifi, inuka!" alipiga ukelele. "Inuka, nakuomba, umekalia meza!"

"Nnajua," alisema Bi Muhsina. "Miguu yake naijua, nimekaa nayo mwezi mzima." Akainuka taratibu, akapokea finjani yake, na bila ya kuigusa mdomoni akaitua chini mkekani, baina yao wawili.

Hapo Bi Kheiria alitamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa na haya zake, na wifi yake hakupepesa jicho mbele za watu ishirini. "Kunywa, Muhsina. Haja yako ishatimizwa."

Bi Muhsina hakunywa bado. "Mwezi mzima nimeitazama ile meza," alisema. "Nimeipindua, kama ufanyavyo weye, nikatazama chini. Nimeikalia, nimeilia halua. Meza tu! Na weye ulikaa saa nzima ukumbini kwangu na uso kama wa babu yangu. Mtu hakai vile kwa ajili ya meza, Kheiria. Nnataka uniambie mna nini humo. Hiyo ndiyo haja yangu."

Bi Kheiria alikumbuka kiapo chake. Kisha akakumbuka kwamba keshakubali, na aliyekubali kakubali. Alianza kwa hasira, maneno mawili matatu, kochi, vigae, homa. Hasira ikamwishia njiani. Akamsimulia mama yake na kiganja chake chenye harufu ya karafuu, akamsimulia kigae cha tatu kilichokuwa baridi kuliko vyote, akamsimulia mlango waliouacha haukufungwa. Alilia, na mara hii hapakuwa na maji ya mtu ya kusingizia. "Nilitaka kukwambia siku ya kwanza," alisema. "Ukanambia yamepita."

Bi Muhsina alisimama, akatupa mito, akatupa farishi moja baada ya moja, akalivuta godoro. Hakuna kigae kilichopasuka. Akapiga magoti kwa taabu, mwanamke mnene yule, akalaza shavu lake juu ya buluu iliyokolea. Akakaa hapo. Bi Kheiria alimgusa bega, akaliona linatikisika.

"Nilisema ovyo," alisema Bi Muhsina, uso ungali mezani. "Harub alinambia usiku wa kufa kwake nikutazame, nikawa nakucheka. Nisamehe, wifi."

"Hamisha shavu," Bi Kheiria alimwambia. "Hicho kishapata moto. Nenda cha samaki."

Bi Muhsina alihamia cha samaki. Baadaye alijinyanyua, akajifuta uso kwa ushungi, akaiokota finjani yake mkekani na kuinywa kwa mkupuo mmoja. Akakunja uso.

"Loo! Hii kahawa yako, Kheiria, chungu. Hebu lete sukari."

Bi Kheiria aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kopo zima.